Baada ya Bosi

Hapa Morogoro habari ya kufa mbwa haifiki mbali. Habari ya kwamba nyumba fulani imebaki bila mbwa, hiyo inafika kila kona. Udongo wa Bosi haujakauka, fundi baiskeli wa mtaani kwetu akamsimamisha mume wangu na kumwambia ana shemeji yake Kihonda, mbwa wake kazaa saba, "nenda kachague, bei mtaelewana". Akafuata dereva wa bodaboda, akafuata mama wa genge, akafuata mwalimu mwenzangu aliyenitumia picha za jamani shepadi aliyelala kwenye zulia la watu. Waliokuja na pole ni wachache, na nyingi ya hizo pole zilikuwa na kicheko ndani yake: "Poleni jamani, ila ni mbwa tu." Ukifiwa na ng'ombe unapewa pole nzito, kwa sababu ng'ombe ni hela. Mbwa yuko katikati, mahali pabaya. Si mali ya kukaa chini ukahesabu hasara, wala si mtu wa kufungiwa turubai.

Bosi alikufa mzee, ana miaka 12. Alianza kwa kunywa maji kupita kiasi, akakonda mgongoni, mdomo ukaanza kutoa harufu ya mkojo. Daktari wa mifugo alimpima damu akatuambia figo zimekwisha, na kwamba dawa zingemwongezea siku, si afya. Tukakubaliana alazwe kwa sindano, nyumbani, asubuhi. Binti yetu wa darasa la sita aligoma kwenda shule siku hiyo na sikumlazimisha. Mume wangu alichimba shimo nyuma ya mwembe, kina cha kufika kiunoni, ili mbwa wa mtaani wasije wakafukua. Alipomaliza akanawa, akavaa, akaenda kazini. Hakulizungumzia mpaka usiku, na usiku wenyewe aliuliza tu kama jembe limerudishwa stoo.

Lazima nieleze Bosi alikuwa mbwa wa aina gani, maana ubishi wote uliofuata ulitokea hapo. Alikuja tukiwa tunajenga. Nyumba ilikuwa pagale, madirisha tumeziba kwa mabati chakavu, sisi wawili tunalala chumba kimoja pamoja na mifuko ya saruji na nondo. Kazi yake ilikuwa moja: mtu asiguse. Na hakuna aliyegusa. Kuna siku alimpandisha fundi bomba juu ya lundo la matofali na kumweka huko hadi mume wangu aliporudi jioni. Tulicheka, tukamwombea fundi radhi, tukampa soda. Tulikuwa vijana, hatuna mtoto, wageni wetu wa kuhesabika. Mbwa wa namna hiyo alitufaa.

Sasa nyumba ile ile ina ukuta na geti. Ina mama mkwe anayetembea kwa fimbo kwa sababu ya magoti. Ina mtoto wa kiume wa miaka minne ambaye hajui kutembea, anajua kukimbia tu, tena kwa kelele. Ina watoto wa jirani wanaokuja kuangalia katuni na wanafunzi wangu wanaokuja Jumamosi kwa masomo ya ziada. Bosi aliyazoea haya yote kidogo kidogo, mmoja baada ya mwingine, kwa miaka. Ukimleta leo Bosi yule wa pagale, atafungwa mnyororo asubuhi na utakuwa ndio maisha yake. Nililisema hili kwenye kikao cha familia. Hakuna aliyenisikiliza.

Binti alimtaka Bosi. Sisemi alitaka mbwa wa kufanana na Bosi, alimtaka Bosi: dume, kahawia, doa jeupe kifuani, sikio la kushoto limekunjika. Mdogo wake alitaka "mbwa mkubwaaa". Kaka yangu, ambaye haishi hapa lakini hakosi kikao, alisema nyumba ya heshima inafuga jamani shepadi na mengine ni kupoteza muda. Mama mkwe alitaka kitu kinachobweka, basi, akatukumbusha kwamba mchagua nazi hupata koroma. Mume wangu hakutaka mbwa kabisa. Kibao cha "Mbwa Mkali" bado kiko getini, akasema, kinatosha.

Hakikutosha. Mitaa yetu imejaa vibao vya mbwa ambao hawapo, na wezi wanaoishi hapa hapa wanalijua hilo kutuzidi. Usiku mmoja wakaanua nguo zote kwenye kamba, sare ya shule ya binti ikiwemo, wakang'oa na koki ya bomba la nje. Kibao hawakukigusa. Kesho yake mume wangu akasema sawa, tuangalie, lakini yeye hatachagua.

Tulianzia barabarani, upande wa kwenda Msamvu, kwa sababu kaka alishampata mtu. Kijana ana kreti mbili, ndani yake watoto wa mbwa wamelaliana, lori zinapita pembeni zikipuliza honi na wao hata hawashtuki. Kaka aliona utulivu. Mimi niliona vitoto visivyo na nguvu. Mbavu zinahesabika huku tumbo limetuna, hiyo ni minyoo, na gazeti waliloketi juu yake lilikuwa limelowa kuhara. Bei laki tatu na nusu, "jamani shepadi pyua". Kaka akauliza mbona masikio yamelala. "Yatasimama tu, bosi wangu. Yanasubiri maziwa." Nikauliza kadi ya chanjo. "Bado mdogo, utamchanja mwenyewe." Mama yake yuko wapi? "Dar."

Hapo nina msimamo, na ndugu zangu wananiona mkorofi. Kununua mtoto wa mbwa bila kumwona mama yake ni kununua mbuzi kwenye gunia. Ukali, woga, ukubwa, hata namna ya kula, dalili nyingi unaziona kwa mama. Halafu kuna parvo, ugonjwa wa kirusi unaoua watoto wa mbwa. Kitoto kinatakiwa kianze chanjo kikiwa na wiki sita hadi nane, kirudiwe kila baada ya wiki chache mpaka kifike wiki 16, kwa sababu kinga ya maziwa ya mama inashuka taratibu na hujui ni wiki gani itakuwa imekwisha. Katikati ya hapo kirusi kikimpata anatapika, anaharisha damu, na wengi hawaponi. Tena kirusi chenyewe kinakaa kwenye udongo miezi mingi, hata kupita mwaka. Sabuni haikisumbui, kinataka jiki. Sasa fikiria kreti iliyowekwa chini barabarani, mahali viatu vya mji mzima vinapita. Mwalimu mwenzangu alinunua wa barabarani, akafa wiki hiyo hiyo. Akanunua mwingine, akamweka kwenye banda lile lile, naye akafa, na mtaani watu wakaanza kuzungumzia mkono wa mtu.

Binti alikuwa ameshambeba mmoja. Kumwondoa pale ilichukua soda mbili na ahadi.

Kwa shemeji wa fundi baiskeli mambo yalikuwa tofauti kabisa. Mama yao, mbwa wetu huyu huyu wa kienyeji, mwekundu, mkia umejikunja, alitoka kivulini akatunusa magoti akarudi kulala. Vitoto vimenona. Mwenye mbwa hakutaka hela nyingi, alitaka mfuko wa dona. Ila madume wote walishawekewa oda. Waliobaki ni majike wanne, na mzee yule alituambia bila kuficha kwamba wakikosa watu atawapeleka mtoni. Hakuwa mtu katili, alikuwa anasema kinachofanyika. Majike wanakataliwa kwa sababu wanapata joto karibu mara mbili kwa mwaka, madume ya mtaa mzima yanalala getini kwako, na siku kama 63 baadaye una vitoto saba usivyojua uvipeleke wapi. Operesheni moja ya kutoa kizazi inamaliza habari hiyo yote, lakini wengi hawajui kama ipo, na wanaojua wanaona kumpasua mbwa ni anasa.

Nilimtaka mmoja wao. Niseme ukweli, niliwataka wote wanne. Aliyenizuia ni mama mkwe, ambaye alikuwa amekaa kwenye kigoda akikitazama kitoto kimoja kinavyong'ata ncha ya fimbo yake. "Huyu ataniangusha," akasema. Hakulalamika, alisema tu. Na ndivyo ilivyo, mbwa wa miezi miwili mitatu anaishi kati ya miguu ya watu, meno yake ni sindano, anataka kula mara tatu nne kwa siku. Kwetu mchana kutwa yupo bibi peke yake na mtoto wa miaka minne. Tuliondoka mikono mitupu, ila nilimpigia mama wa genge, akaja kumchukua mmoja. Anaitwa Tiga sasa, anakula kuliko watoto wake.

Mbwa tuliyempata alikuja kwa njia ya uhamisho. Mtumishi mmoja alikuwa amepangiwa Kigoma. Wanaofanya kazi serikalini wanajua: lori linabeba makochi, linabeba friji, linabeba mpaka migomba ya kwenye ndoo, lakini mbwa hana nafasi, na kwenye basi hapandi. Alikuwa akiuliza watu kanisani nani anaweza kumchukua jike wake wa miaka minne.

Kaka yangu aliposikia akasema, "Yaani mnachukua mbwa wa mtumba." Mama mkwe naye alikuwa na lake, ambalo nimelisikia kwa watu wengi: mbwa mkubwa hafugiki, moyo wake umebaki kwa mwenyewe, siku utakayoacha geti wazi ndiyo siku ya mwisho kumwona. Sikubaliani nao. Mtoto wa mbwa ni kubahatisha, anaweza kuja kuwa mbwa yeyote. Mbwa mkubwa ameshakuwa. Unaona urefu wake, unaona sauti yake, unaona anafanya nini mgeni akibisha hodi. Na nyumba yenye mzee na mtoto inahitaji kujua kabla, si kuja kushangaa baada ya mwaka.

Tulikwenda wote, mama mkwe tukamchukulia bajaji makusudi. Nilikaa kwenye ngazi ya baraza bila kumwita. Mbwa alisimama mbali, akapima upepo, akaja kwa kuzunguka, akanusa viatu, halafu mkono. Nikasubiri akaniegemea kidogo ndipo nikamgusa. Nilimwinua mdomo nikabonyeza ufizi kwa kidole gumba: ukawa mweupe, nilipoachia ukarudi pinki palepale. Nikapekua ndani ya masikio na katikati ya vidole vya miguu kutafuta kupe, maana homa ya kupe inaweza kumfanya mbwa akojoe rangi ya kahawa na fizi zikapauka, na hapa kwetu kupe hawana msimu. Alikuwa na wawili tu. Nikamwomba mwenyewe anipe mfuniko wa sufuria, nikauangusha nyuma yake. Aliruka, akakimbilia nyuma ya kiti, akachungulia, akarudi taratibu kuunusa mfuniko. Huko kurudi kunusa ndiko nilikokuwa nakutafuta. Kushtuka ni haki ya kila mtu.

Jaribio kubwa sikulipanga mimi. Mama mkwe alikuwa anainuka kitini, fimbo ikamponyoka ikapiga sakafu, paa! Mbwa aliyezoea kipigo anaifahamu fimbo hata ikiwa imelala. Huyu alishusha masikio, akaitazama, akamtazama bibi, akabaki alipo. Muda huo huo mwanangu akamfuata mbio mikono imenyooka, kelele kama filimbi ya refa, na kabla sijamdaka, mbwa akainuka kimya akaenda kulala chini ya meza. Hakunguruma, wala nywele za shingo hazikusimama. Aliondoka. Binti hakuliona hilo, kaka alilidharau, ila mimi nilikuwa nimeshaamua: mbwa anayejua kwamba anaweza kuondoka hana sababu ya kung'ata mtoto.

Mama mkwe alikuwa na swali moja. "Kadi iko wapi?" Miwani hakuwa nayo, ikabidi binti amsomee. Kijijini kwao alikokulia aliwahi kuona mtu akifa kwa kichaa cha mbwa, anaogopa kikombe cha maji, na tangu hapo hana utani na kadi. Ana haki. Kichaa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu, karibu haponi yeyote. Duniani kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, wengi wao Asia na huku kwetu Afrika, na karibu wote walipata kwa mbwa. Ukiumwa na mbwa, unaosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima na kwenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wa jirani na unamjua kwa jina. Mbwa 70 kati ya 100 wa eneo wakiwa wamechanjwa, ugonjwa unakosa pa kupita, kwa hiyo chanjo ya mbwa wangu inamlinda pia mtoto wa nyumba ya tatu ambaye hana mbwa. Kadi ilikuwa safi: kichaa, parvo, dawa za minyoo, na operesheni ya kizazi aliyofanyiwa hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Kuishi Morogoro kuna faida zake, hapa wanyama wana maprofesa. Magawa, panya buku aliyefundishwa na shirika la APOPO akaenda kunusa mabomu ya ardhini Kambodia na kuvishwa medali ya dhahabu na Waingereza mwaka 2020, asili yake ni hapa hapa chuoni Sokoine. Mji unaompa panya heshima kiasi hicho, halafu ukimlilia mbwa unachekwa.

Kabla hajahamia nilikwenda kwa mzee jirani. Yeye ni mtu wa msikitini, na kwa madhehebu ya Shafi mate ya mbwa ni najisi, yakigusa unaosha mara saba, moja kwa udongo. Wakati wa Bosi tulikuwa na utaratibu wetu wa kumfungia kabla ya alfajiri na kabla ya isha, mzee apite na kanzu yake kwa amani. Nilimpa shikamoo, nikamweleza. Akafikiri. "Analamba?"

Nikamwambia si sana.

"Haya," akasema. "Hata wale vijana wa pangoni, kwenye Kurani, walikuwa na mbwa wao. Ila yeye alikaa kizingitini." Akacheka mwenyewe. Basi mbwa wetu anaishia barazani, na utaratibu wa kufungia umeendelea.

Jina alikuja nalo: Hawajui. Mwenyewe alikuwa akiwapelekea ujumbe majirani zake wa zamani, sijui ujumbe gani. Kusimama getini jioni unapaza sauti "Hawajuii!" ni kutafuta ugomvi usio wako. Watoto wakafupisha wakaanza kumwita Hawa, mama mkwe akakataa katakata, huwezi kumwita mbwa kwa jina la mama wa watu wote. Amebaki Jui.

Siku za mwanzo hakula. Ugali wa dona na dagaa ulilala mpaka ukachacha, yeye amekaa kuitazama barabara kupitia tundu la geti. Mwenyewe alikuwa ametuachia fulana yake chakavu, tukaitandika bandani. Alipopiga simu kutoka Kigoma tukaweka sauti kubwa, Jui akaizunguka meza, akaangalia nyuma ya mlango, akaenda getini, akarudi, akaenda tena, usiku kucha. Mama mkwe akatoa amri kwamba simu hiyo isipokelewe tena karibu naye. Sasa tunatuma picha tu.

Binti hakumgusa. Bakuli la Bosi, lile la alumini lililobonyea, lilipotea jikoni, na nilipofungua kabati lake kutafuta sweta nililiona limefungwa kwenye kanga. Nikafunga kabati. Nilinunua bakuli jingine la plastiki, la buluu. Sikumwambia ampende mbwa. Nilimpa kazi ya kumtoa kupe kila jioni kwa kibanio, kwa sababu macho yake ni mazuri kuliko yangu, na kazi hiyo inataka mtu akae chini dakika nyingi, mkono kwenye manyoya. Alianza akiwa amenuna. Siku hizi kupe wamekwisha na kazi bado anaifanya.

Ulinzi? Jui habweki ovyo. Watu wanapita, yeye amelala. Mkono ukigusa komeo la geti anatoa sauti moja, nzito, ya kutoka tumboni, halafu anasubiri kuona utasemaje. Kaka yangu anasema huyo si mlinzi, ni karani wa mapokezi. Anachimba kwenye mchicha wangu na anazichukia bodaboda zote isipokuwa ya yule kijana anayemletea mume wangu utumbo Jumamosi. Mume wangu anashikilia kwamba yeye hana mbwa, mbwa ni wa watoto. Utumbo ananunua kwa hela yake.

Kaka alirudi Msamvu peke yake. Kitoto chake kilikaa na dripu kwa daktari, kikapona, na bili aliyolipa hataki tuitaje mbele ya mke wake. Kimekuwa dume zuri, kiwiliwili kipana. Sikio moja limesimama. La pili, anasema, bado linasubiri maziwa.